Msitu wa Kansonga Ndani ya Kompyuta

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vyeupe. Naanza na viatu hivyo kwa sababu ndivyo vilivyonitambulisha kwa Shefu wa Upimaji, mkubwa wangu wa kwanza, kabla sijamtajia hata jina. Nilikuwa msichana niliyetoka shule ya ufundi, binti wa mfanyabiashara wa mtaa wa Kikula aliyehamia Likasi kutoka Kasongo, na nilidhani kazi ya ofisi ya misitu hufanywa ofisini. Shefu alitoka nje, akanitazama kuanzia chini, akaishia huko huko chini.

"Mama, weye unakuya mu ndoa ao mu pori?"

"Nimekuja kazini, Shefu."

"Basi panda mu gari. Hii biatu, pori itaibadilisha rangi."

Hapo mtaona jambo moja. Nyumbani baba alitaka tuseme Kiswahili chake cha Kasongo, na akisikia neno limekatwa mkia alilirudisha mahali pake. Kazini wote waliongea cha Likasi, na muda si mrefu nami nikakizoea. Ndiyo maana ninaandika hivi na watu wangu wanaongea vile. Wote wawili ni mimi.

Nilipelekwa msitu wa Kansonga nikiwa nimekaa nyuma ya gari pamoja na kamba, vigingi na sufuria ya bukari, ugali wetu. Kansonga uko upande wa Mto Lufira, ukishika njia ya kwenda Koni. Ni pori la miombo, yaani msitu wetu wa Katanga: miti isiyobanana sana, nyasi chini yake, na majani yanayoanguka wakati wa kiangazi. Lakini halikuwa pori la kuachwa tu. Lilikuwa na mpango. Liligawanywa vitalu, kila mwaka kitalu kimoja kikakatwa na wachoma makala, yaani makaa, wa kijiji cha hapo, vingine vikapumzishwa mpaka visiki vichipue na kuwa miti tena. Kazi ya ofisi yetu ilikuwa kupima kinachokatwa na kinachoota.

Shefu alisimama mbele ya mti wa mutondo, akanipa mkanda wa kupimia. Unene wa mti, alisema, hupimwa kwenye kimo cha kifua. Nikauzungusha mkanda mahali kifua changu kilipofika. Mimi ni mfupi. Akatikisa kichwa.

"Kifua ya nani hiyo?"

"Yangu, Shefu."

"Hapana. Kama kila muntu anapimaka ku kifua yake, leo weye unapima, muti inanenepa. Kesho kunakuya muntu murefu, muti inakonda. Kuko kifua moja tu. Kifua ya Leta."

Leta ndivyo tunavyoiita serikali. Alinionyesha fimbo yake yenye alama kwenye mita moja na sentimita thelathini, na hapo nikajua urefu wa serikali. Viatu vilirudi nyumbani vikiwa vyekundu kwa vumbi. Mama alivitazama, akaniuliza kama nimefukuzwa kazi.

Nilimfuata Shefu wa Upimaji miaka mingi. Alinifundisha kutambua mti kwa ganda lake wakati majani hayapo: mutondo, muputu, na mulombwa ambao ukiukwaruza unatoa utomvu mwekundu kama damu. Alinifundisha kuweka kipande cha kudumu, yaani eneo dogo la msitu ambalo kila mti wake hupigiliwa kibati chenye namba, kisha mnarudi kulipima tena baada ya miaka kadhaa, miti ile ile, mahali pale pale. Bila vipande vya kudumu unajua msitu ulivyo leo tu, hujui unaelekea wapi. Alinifundisha pia kukimbia. Nyuki wa Kansonga hawakupenda misumari ya vibati, na Shefu, mtu mnene mwenye heshima zake, alikuwa wa kwanza kufika garini kila mara. Akishafunga mlango ndipo aliuliza kupitia kioo, "Tuko bote?"

Mwanzoni tulipima ili kujua kitalu kitatoa makala kiasi gani. Kisha, taratibu, swali likabadilika. Wakubwa wa Lubumbashi wakaanza kuuliza habari za kaboni. Shefu alitukusanya uani na kutueleza kwa namna yake.

"Muti inakulaka hewa. Ile moshi yenye haionekane, yenye inatoka mu gari na mu moto, muti inaikamata, inaiweka mu mwili yake. Tukijua uzito ya muti, tunajua kaboni."

Na ni kweli. Mti uliokauka kabisa, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni. Shida ni kwamba mti uliosimama hauwekwi kwenye mizani. Basi tuliwafuata wachoma makala wakati wa kukata. Tulipima unene wa kila mti kabla haujaanguka, na ulipoanguka tukaupima uzito kipande kwa kipande: shina, matawi, majani, hata mizizi, ambayo tuliichimba mpaka migongo ikakataa. Mizani tuliazima kwa muuza viazi wa soko la Kikula. Hakutuamini, kwa hiyo alikuja nayo mwenyewe, akakaa juu ya kisiki akitazama magogo yakipandishwa. "Hii yote ingekuwa viazi," alisema kwa huzuni, "ningejenga nyumba ya etaji, ya kupanda ngazi." Vipande vidogo vya mbao tulivikausha katika tanuri ya umeme ya ofisi, maana maji yana uzito lakini si kaboni. Kutokana na jasho hilo tulipata kanuni yetu: mti wa aina fulani, wenye unene fulani, una uzito fulani. Tangu hapo hatukuhitaji kuua mti ili kuujua. Mkanda ulitosha.

Shefu alipostaafu, alikuja mwanamke. Nitamwita Injinia, kama tulivyomwita. Alikuwa Mluba wa Lubumbashi, mwembamba, mwenye miwani mikubwa, aliyesomea mbali na kurudi bila kubadilisha lugha yake. Alifika Likasi akiwa ameipakata kompyuta njia nzima huku gari likiruka mashimoni. Aliuliza nani anavijua vizuri vipande vya kudumu. Wenzangu wakaninyooshea kidole, nadhani kwa kuwa walitaka waachwe wanywe chai.

"Mama Zainabu, utakaa na miye," alisema. "Bipimo yako inaniambia pori ilikuwa namna gani. Miye nataka kujua itakuwa namna gani kama tunaikata hivi, ao vile, ao kama hatuikate hata kidogo."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya modeli. Modeli ya msitu, kwa maneno yangu ya mama wa Kikula, ni msitu ulioandikwa kwa hesabu. Unaipa kompyuta hali ya hewa ya kila siku, mvua na joto na jua. Unaipa udongo, aina za miti, na namna watu wanavyoutumia msitu. Yenyewe inahesabu: leo majani yamevuta kaboni kiasi gani, kiasi gani kimekwenda shinani na kiasi gani mizizini, tawi lililoanguka limeoza vipi, udongo umebaki na nini. Ikimaliza leo inaanza kesho, mpaka miaka mingi mbele. Mume wangu, dereva wa lori la njia ya Kolwezi, hakuelewa kazi gani hii ya kukaa kivulini ukasema uko porini. Nilimwambia nimepandishwa cheo. Akasema basi na miguu yangu ipandishwe cheo, iache kuomba kukandwa jioni.

Mara ya kwanza tulipoiendesha modeli, miti ya Kansonga haikuangusha jani hata moja. Mwaka ukapita, na mwingine, na mingine kumi, majani yako pale pale juu. Injinia alikodolea macho mchoro, kisha akaanza kucheka mpaka akavua miwani.

"Mama Zai, inangoya theluji!"

Waliotengeneza modeli ile walikuwa watu wa nchi za baridi. Kwao jani huanguka baridi ikifika, na modeli ilikuwa inasubiri kwa uvumilivu barafu ifike Likasi. Tukaifundisha kwamba huku kinachoangusha jani ni ukame: udongo ukikauka, majani yaanguke, na mvua zikikaribia, mapya yatoke, yale mekundu yanayofanya pori lionekane kama limepakwa shaba. Kuifundisha modeli hivyo, mafundi wanasema kurekebisha vigezo, na ndiyo sehemu kubwa ya kazi. Tulichukua nusu ya vipande vyangu vya kudumu kuifundishia. Nusu nyingine tuliificha, ili baadaye tuitahini kwa miti ambayo haijawahi kuambiwa habari zake. Ukiitahini kwa mambo uliyoifundisha, bila shaka itapasi. Mtoto yeyote aliyeonyeshwa maswali jana yake hupasi.

Tulikuwa bado tunaifundisha alipokuja Mkurugenzi kutoka Lubumbashi, ambaye wote tulimwita Direkta. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameona vilima vinavyozunguka miji yetu vikibaki vipara kwa sababu ya makala, na vilimuuma. Alisimama mbele ya ramani ya Kansonga, akauzungusha msitu mzima kwa kidole.

"Tunafunga," alisema. "Kila muti yenye inakatwa ni kaboni yenye inaenda. Bachoma makala batoke. Injinia, munitafutie namba ya kuonyesha kama nina haki."

Habari hiyo ilifika Kansonga kabla gari lake halijafika Lubumbashi. Muda si muda, wachoma makala walikuwa kwenye ua wa ofisi yetu, wengi wao wanawake, bado wamevaa vitambaa vya kanisa kwa kuwa walitoka moja kwa moja kwenye maombi. Mbele yao alisimama Mama Kapinga, mkuu wa chama chao. Tulijuana tangu enzi za mizani ya viazi. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na hakuwahi kuitumia nusu.

"Mama Zainabu, balisema kompyuta yako njo itatufukuza."

"Kompyuta haifukuzake muntu, Mama Kapinga. Inapiga hesabu tu."

"Inaonaka mbele?"

"Inakadiria."

"Kwetu ku kanisa, muntu akisema anaona mbele, tunamungoya. Kama haikukuwa, tunamuuliza mbele ya bote. Na hii yako, nani anaiulizaka?"

Injinia, aliyekuwa nyuma yangu mlangoni, alifurahi kama mtu aliyeletewa zawadi. "Njo kazi yetu hiyo, Mama. Kila siku tunaiuliza."

"Basi muiulize muzuri. Na hii kaboni munatafuta, njo nini?"

"Makala, Mama," Injinia akajibu. "Makala ni kaboni karibu tupu."

Mama Kapinga akawageukia wenzake. "Mumesikia? Kumbe Leta inatafuta makala yetu!"

Ua mzima ukacheka, na mlinzi wa lango naye. Kisha Mama Kapinga akanisogelea, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akiongea chini chini.

"Mukifunga, batoto bangu bataenda Kambove kuchimba mawe ya shaba. Wa kwanza alishaenda. Ile mashimo hairudishake kila muntu. Sitaki wa pili aende."

Nilimshika mkono, akaondoka na watu wake wakiimba barabarani.

Tuliendesha modeli. Msitu ukifungwa, mstari wa kaboni kwenye mchoro ulipanda bila kusita, mwaka hadi mwaka, mzuri kama mlima. Mstari wa wachoma makala ulikuwa chini yake kabisa. Direkta angefurahi, nami nilikuwa nikimfikiria Mama Kapinga. Injinia aliutazama mchoro kama mtu aliyeonja mchuzi wenye sukari.

"Muzuri sana," alisema. "Muzuri mingi. Tuitahini kwanza."

Kulikuwa na kitalu kimoja kilichofungwa miaka mingi nyuma, chenye kipande changu kimojawapo cha vile tulivyovificha. Tukaiuliza modeli: kitalu hiki leo kikoje? Ikajibu kwamba kina miti mikubwa na chini yake miti michanga iliyosongamana. Tukafungua vipimo vyangu. Miti mikubwa ilikuwepo. Michanga haikuwepo kabisa.

Injinia alipitia ukurasa baada ya ukurasa wa vigezo, kisha akasimama ghafla.

"Mama Zai. Moto iko wapi?"

Hakukuwa na moto. Ukurasa wake ulikuwa na sifuri tupu, kama ulivyotoka kwa wenyewe huko kwenye baridi. Tulikuwa tumetengeneza Kansonga ambao haujawahi kuungua, na hakuna msitu wa namna hiyo Katanga nzima.

Kesho yake tulikwenda kumtafuta Mama Kapinga. Injinia alikuwa amesoma mengi kuhusu moto wa miombo, lakini alitaka kujua nani anawasha, wapi na lini, hapa hapa, na hayo hayakuwa kwenye vitabu vyake. Mama Kapinga alitutembeza siku nzima huku akimuuliza Injinia maswali kuliko alivyoulizwa.

"Fasi yenye tunakata, tunafyeka njia ya moto, ju moto ya pori isikuye ku tanuru yetu," alieleza. "Na nyasi tunaichoma mapema, kiangazi ikianza tu, wakati ingali na maji. Moto yake ni fupi, haina nguvu. Lakini kule kwenye mulifunga, nani ataenda kufyeka? Nyasi inakauka, inangoya. Moto ya mwisho ya kiangazi ikiingia, inakula batoto ya miti yote."

Injinia alipiga magoti akipima urefu wa alama nyeusi kwenye maganda. Nami nilipima visiki vilivyochipua, vile vya mahali palipochomwa mapema na vile vya mahali palipoungua kwa kuchelewa. Tofauti ilionekana hata bila mkanda. Jioni Mama Kapinga alitupa uyoga wa kukaanga na akatuombea safari njema kwa muda mrefu sana. Injinia alisinzia amesimama.

Tulirudi tukauwasha moto ndani ya kompyuta, na safari hii modeli ikafaulu mtihani. Lakini haikumpendelea mtu. Msitu uliofungwa na kulindwa vizuri ulibaki juu ya yote. Msitu uliofungwa bila mtu wa kuulinda ulipanda kidogo, kisha miti mizee ikafa bila warithi na mstari ukaporomoka. Na msitu wa wachoma makala, kama walivyokuwa wakiukata wakati ule, nao ulikuwa unashuka polepole. Visiki havikupewa muda wa kutosha. Hilo la mwisho ndilo lililonitia wasiwasi, kwa sababu nilijua nani atalazimika kumwambia Mama Kapinga.

Mkutano ulifanyika katika shule ya Kansonga, chini ya bati. Direkta alikaa mbele. Mama Kapinga na watu wake walijaza madawati ya watoto, magoti yamefika videvuni. Injinia alikuwa amepoteza sauti kwa mafua, akanisukuma mbele. "Weye unajua ile miti," alisema kwa sauti iliyokwaruza.

Nikaeleza yote. Direkta alisikiliza, kisha akainua kalamu.

"Mama, nipe namba moja."

"Direkta, namba moja itakudanganya. Naweza kukuambia ni kati ya hapa na hapa." Nikamwonyesha kwenye karatasi ukutani jinsi kila mstari ulivyokuwa na kivuli pande zote mbili. "Kivuli hiki ndicho tusichokijua. Mvua ya kesho hatuijui."

"Na hii laini ya juu? Si njo niliomba?"

"Ndiyo hiyo. Lakini ile iko na balinzi mu pori kila kiangazi, miaka yote."

Akaangalia dirishani. Walinzi aliokuwa nao kwa misitu yake yote wangeenea kwenye dawati moja la pale darasani, na alijua kwamba nasi tunajua.

"Amen!" Mama Kapinga akapiga makofi, na wenzake wakaitikia.

"Ngoja, Mama Kapinga. Bado."

Nikamwonyesha mstari wake. Nikamwambia kwamba vitalu vinapaswa kupumzika miaka mingi zaidi kabla ya kukatwa tena, miti mikubwa ya mbegu iachwe, na ukanda wote wa kando ya mto ufungwe. Akasimama.

"Mama Zainabu, nilikuonyesha pori yangu yote. Leo unainyanganya ku mukono yangu?"

"Hapana, Mama. Laini yako inashuka. Polepole, lakini inashuka. Weye hautakosa makala. Bajukuu yako njo batakosa."

Hakukaa. Alikuja mpaka ukutani, akaufuata mstari kwa kidole tangu mwanzo mpaka unapoishia, kama mtu anayetafuta mahali pa kuukata. "Tuongeze miaka ngapi?"

Hapo Injinia akafanya jambo ambalo sitalisahau. Badala ya kumjibu, alifungua kompyuta juu ya meza ya mwalimu na kumwashiria Mama Kapinga avute kiti. "Sema weye," alinong'ona. Mama Kapinga akataja muda wa kupumzisha kitalu. Tukauingiza, tukasubiri. Mstari ukashuka. Akaguna, akaongeza. Ukashuka, lakini kidogo. Watu wakaanza kuacha madawati yao na kutuzunguka. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti kwamba wakichoma nyasi mapema zaidi je. Tukajaribu, mstari ukainuka, kelele ikapigwa kama mpira umeingia golini. Direkta alivuta kiti chake karibu, kisha karibu zaidi, mwisho akawa amejiegemeza begani pangu bila kujua. Yeye ndiye aliyeuliza, "Na kama tunaacha ile miti ya mbegu?" Tukaiacha. Mama Kapinga akaongeza miaka tena, kwa uchungu, kama mtu anayeng'olewa jino. Mstari ukalala sawa.

"Hapo," akasema, akipumua. "Hapo ilinyamaza."

"Na kando ya muto tunafunga?" Direkta akauliza.

"Tunafunga. Lakini njia ya moto, Leta italeta mapanga?"

"Italeta."

"Na gumbutu, biatu ya mupira."

"Na gumbutu, Mama." Alikuwa anacheka. Agizo la kufunga msitu alirudi nalo Lubumbashi bila kulitia saini.

Sitawadanganya kwamba yote yalikuwa matamu. Vitalu vya kukata vilipungua, na familia kadhaa zilihama. Mtoto wa pili wa Mama Kapinga alikwenda Kambove kama mama yake alivyoogopa, akakaa kiangazi kimoja, akarudi na kikohozi pamoja na redio, na leo ndiye anayeongoza timu ya moto. Wa kwanza hakurudi kwenye makala. Ana duka la vipuri vya pikipiki Kikula na amenenepa. Kwa muda mrefu Mama Kapinga alinisalimia kwa kifupi. Kisha siku moja kisiki cha mutondo alioukata mwenyewe kilichipua hadi kikampita kimo, naye akatuma mtu aniambie nije nikione.

Mwaka wangu wa mwisho kazini niliomba kwenda kuvipima tena vipande vya kudumu. Injinia, ambaye wakati huo alishakuwa mkuu wa ofisi, alikuja pamoja nami. Mahali tulipokuwa tukitembea wima tulilazimika kuinama kupita chini ya miti michanga. Tulilinganisha vipimo na yale iliyoyasema modeli miaka ile shuleni. Vipande vingi vilikuwa ndani ya kivuli. Kimoja kilitoka nje kabisa, kwa sababu ya mchwa ambao hakuna aliyewafikiria. Injinia alifurahia kile kimoja kuliko vingine vyote. Kilimpa kazi mpya.

Sasa nimepumzika. Vijana wanaoingia kazini huja kunisalimia Kikula, na modeli zao za leo zinakwenda mbio kuliko zetu, zinatazama misitu kutoka angani. Huwa wananiuliza waanze wapi. Nawaambia waanze kwa kupima mti kwa mikono yao, ili siku kompyuta ikiwaambia jambo la ajabu, mwili wao ushtuke. Nawaambia pia wasione haya kuonyesha kivuli cha mstari. Mkubwa anayedai namba moja ana haki ya kuidai, na wewe una wajibu wa kumpa ukweli. Zaidi ya hapo sina ushauri. Nilipenda kazi yangu, na ilinilipa kwa watu.

Wiki iliyopita Mama Kapinga alinitembelea. Amezeeka, lakini sauti ni ile ile, majirani walijua amefika. Alileta gunia la makala kutoka kitalu cha kwanza kilichokamilisha mapumziko yake mapya, ambacho alikisubiri kwa ukaidi miaka yote hiyo. Alichukua makala mawili akayagonganisha sikioni pangu, yakalia kama kengele. Kisha akaijaza mbabula, jiko langu la makala, akawasha, tukateleka sombe ya majani ya muhogo. Nilisali adhuhuri yangu, naye akaomba ya kwake, ambayo ilikuwa ndefu kiasi kwamba nilikoroga sufuria mara kadhaa kabla ya amina.

Akafungua macho, akatazama moto mwekundu usio na moshi.

"Mama Zainabu, weye ulihesabu kaboni maisha muzima. Ona sasa, inaenda hewani ju ya sombe yako."

"Najua," nikamwambia. "Iko mu hesabu. Tuliiweka."

Alinitazama kuhakikisha kama namtania. Sikuwa namtania. Akavuta kiti karibu na mbabula, akanipokonya mwiko, akaonja.

"Basi lete bukari," akasema. "Tukule."